*TAHARIRI YA TAWI: REFA ASIWE NA TIMU UWANJANI*



Kwenye kikao cha Kamati ya Tawi juzi, ajenda iliyotuchukua muda mrefu ilikuwa moja: nani apeleke sauti ya tawi kwenye mkutano wa wadau kuhusu nauli za daladala. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la mwenzetu anayeijua biashara hiyo kuliko sisi sote. Kabla ya kura akanyoosha mkono, akasema ana daladala mbili barabarani, nauli ikipanda yeye anafaidika, hivyo asitumwe.

Baadhi yetu tulimbishia. Tulisema tunamjua, ni mtu mwaminifu. Leo tunakiri: yeye alikuwa sahihi, sisi tulikosea.

*Mgongano wa maslahi si wizi.* Ni hali ya mtu mmoja kuvaa kofia mbili: ya umma na ya mfuko wake. Hatusemi ndugu yetu ni fisi aliyepewa bucha. Lakini hata refa mwadilifu hachezeshi mechi ya timu yake, kwa sababu akitoa penalti ya haki, nani atamwamini?

Sasa tupandishe jambo hili ngazi za juu. LATRA inapanga nauli. EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mama lishe, bodaboda na mkulima wote wanalipa kwa uamuzi huo. Sasa fikiria mjumbe wa bodi ya mamlaka kama hizi ana hisa kwenye kampuni inayosimamiwa, au mkewe ana zabuni huko, au ameahidiwa kazi huko akistaafu. Hata bila bahasha, kalamu yake imeshaegemea upande mmoja.

Nchi yetu imelijua hili zamani. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995. Yenyewe inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwaka ifikapo 31 Desemba, na anapoondoka. Kwa lugha nyepesi: tulitoka kwenye *usimiliki* tukaja kwenye *useme*. Basi kama kumiliki kumeruhusiwa, kunyamaza hakuwezi kuvumiliwa. Ndiyo kinga pekee iliyobaki.

Wapo wanaosema tukiwaondoa wote wenye maslahi tutakosa wataalamu. Hoja hiyo ina uzito. Mdhibiti asiyejua gereji wala bohari ya mafuta atadanganywa mchana kweupe. Jibu ni kutenganisha viti. Mwenye gari aje mbele, aeleze bei ya tairi na dizeli, aulizwe maswali. Akimaliza atoke, wasio na gari waamue.

*Msimamo wa tawi:*

1. Mjumbe wa bodi ya mdhibiti mwenye maslahi kwenye jambo lililo mezani atangaze kabla ya mjadala, *atoke chumbani*, na muhtasari uandike hivyo. Kutangaza kisha kubaki na kupiga kura ni mchezo wa kuigiza.
2. Maslahi ya mwenza na watoto yahesabiwe kama yake.
3. Anayetoka ofisi ya udhibiti asiajiriwe kesho yake na kampuni aliyokuwa akiipa leseni. Uwekwe muda wa kusubiri.
4. *Sisi wenyewe tuanze.* Kuanzia kikao kijacho, ajenda ya kwanza baada ya kufungua itakuwa "Kutangaza maslahi". Iwe ni tenda ya viti vya mkutano, fulana, au kukodi spika: mwenye duka aseme, kisha apishe.

Hatuwezi kudai juu tusichokifanya chini. Mwenzetu wa daladala ataenda kwenye mkutano kama mmiliki wa gari, kwa jina lake. Sauti ya tawi itapelekwa na mwanachama anayepanda daladala kila asubuhi.

Wenye maoni, tuwaone kikaoni.

*Imetolewa na Ofisi ya Uenezi ya Tawi.*
_Msomee na jirani asiye na simu janja._