KITABU CHA WACHAWI UNACHOKISUBIRI



Ndugu yangu unayekihesabia siku kitabu cha Susanna Clarke, Jonathan Strange & Mr Norrell, nina neno nawe. Sifa zake nazijua: kurasa zaidi ya 700, kilitoka 2004, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Hugo. Unaniambia, "Sheikh, ni hadithi tu."

Haya, tuitazame hiyo hadithi. Sihri yake si ya makaburini usiku. Ni ya mabwana wa Uingereza wenye maktaba, wanaoisaidia serikali yao kupigana na Napoleon. Sumu iko hapo: sihri imevishwa koti na heshima. (Mganga wa mtaani kwako hajapata wakili mzuri hivi!) Na bado mwandishi hakuificha bei. Norrell anamfufua binti aliyekufa, na kufufua ni kwa Allah peke yake, kwa kupatana na kiumbe asiye binadamu. Malipo ni nusu ya umri wa binti yule. Norrell akapata cheo. Aliyelipa hata hakuulizwa.

Sasa Suratul Baqarah, aya ya 102, Harut na Marut kule Babil: imetaja sihri ya kuwatenganisha mume na mke. Aya moja tu. Umewahi kukaa nayo hata usiku mmoja, wewe uliyemtengea Norrell likizo nzima?

Fungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, usome na maelezo yake. Kitabu chako kikishafika, njoo tuzungumze.