Taifa Stars haikuzaliwa Kariakoo



Stars ikifanya vizuri, Dar inajipa hati miliki. Januari 2026 tumefika 16 bora ya AFCON kwa mara ya kwanza, tukatolewa na wenyeji Morocco kwa bao 1-0. Vijiweni mjadala ukawa uleule: nani katoa wachezaji wengi, Simba au Yanga?

Nasema wazi, historia ya timu hii tunaisimulia vibaya, ndiyo maana tunaiendesha vibaya.

Ile ya 1980 kila mtu anaikariri. Nahodha Leodegar Tenga, sare ya 1-1 kule Ndola 1979 kwa bao la Peter Tino, kisha mabao ya Juma Mkambi na Thuwein Ally kwenye fainali za Nigeria. Halafu ukame wa miaka 39 hadi Misri 2019. Sawa. Lakini nani anauliza vipaji vinatoka wapi?

Chukua njia ya zamani ya misafara, Ujiji hadi Bagamoyo kupitia Tabora. Karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani, utajiri ukabaki pwani na Zanzibar. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mzigo ukahamia kwenye behewa. Soka nalo likapanda behewa hilohilo. Sunday Manara, aliyecheza hadi Uholanzi, chimbuko lake Kigoma. Juma Kaseja, golikipa wa Simba iliyowavua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003, naye mtoto wa Kigoma. Leo wanatajwa kama watu wa Jangwani na Msimbazi tu.

Tabora je? Milambo ilishapotea Ligi Kuu zamani. Mwaka 2023 Kitayosce ikapanda na kuitwa Tabora United, watu wakarudi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kushangilia jina lao. Mwaka 2025 timu ikachukuliwa na Mamlaka ya Mapato, ikawa TRA United. Najua mtasema pesa, na kwamba timu za mikoani hufa njaa. Pesa nazikubali. Ninachokataa ni mji kulipia pesa hizo kwa jina lake.

Kuna kubwa zaidi. FIFA ina utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Lakini dogo anayecheza Kiloleni au Ng'ambo kwenye timu isiyosajiliwa hana karatasi yoyote. Akija kuuzwa, aliyemfundisha kupiga chenga hapati hata senti. Wanaokula ni waliomkuta ameshaiva.

TFF wakitaka Stars ya kudumu, waanzie hapo: kusajili timu za watoto za mikoani, kila mchezaji na karatasi zake, na kulirudishia hadhi Kombe la Taifa, lile la timu za mikoa, lichezwe kila mwaka. Kocha wa taifa apande treni akaangalie, siyo kusubiri nani kasajiliwa Kariakoo.

Wapagazi wa Kinyamwezi angalau walilipwa ujira wa safari. Tabora ya leo inabebesha watoto wake mzigo bure.

Haya, wa Kariakoo mje mnipinge.