Pori Likiwekwa Geti, Baiskeli Zinaenda Wapi? Wasee wa Uriri, Hii Story Inawahusu

Kama wewe ni msee wa kukanyaga pedali, shika hii mapema: ile njia unapita kila wikendi si yako. Unaipita tu kwa sababu hakuna mtu amekukataza bado. Siku ardhi itatangazwa kuwa ya kulindwa, mwenye atasema ni ile karatasi, na kama baiskeli haiko kwa karatasi, umeisha.

Uliza Wamarekani. Mwaka wa 1964 walipitisha sheria ya kulinda mapori, Wilderness Act. Ilifungia nje magari, pikipiki na usafiri wowote wa mitambo. Baiskeli ya milimani haikuwa hata imezaliwa, ilikuja kushika miaka ya 1970 kule California. Lakini mwaka wa 1984 Forest Service ikasema wazi kwenye kanuni zake: baiskeli nayo haiingii. Farasi je? Huyo anaingia bila noma, kwato na zote.

Tangu hapo, pori jipya likitangazwa, kuna wakati wasee wanapoteza njia. Ile iliuma zaidi ni Idaho, milima ya Boulder-White Clouds. Waendeshaji walikuwa na njia mbili wanazipenda sana, Castle Divide na Ants Basin. Na si ati walikuwa wanapinga uhifadhi. Walikaa chini na wahifadhi, wakaunga mkono mpango mwingine wa kulinda hiyo milima huku baiskeli zikiendelea kupita. Mwezi wa Agosti 2015, Bunge la Congress likapitisha mswada tofauti, Rais Obama akatia sahihi, na ekari kama 275,000 zikawa pori rasmi. Njia zote mbili zikafungwa. Urafiki wao na wahifadhi haukuwasaidia kitu, kwa sababu haukuwa kwa sheria.

Sasa usikimbie kusema wahifadhi ni maadui. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2014, jimbo la Colorado lilipata sheria ya kulinda bonde la Hermosa Creek. Huko, wenyeji walianza vikao mwaka wa 2008: wavuvi, wafugaji, wahifadhi na watu wa baiskeli, meza moja. Sehemu moja ya ardhi ikawa pori kamili, bila baiskeli. Sehemu kubwa zaidi ikalindwa kwa masharti yake, na baiskeli ikaruhusiwa kwa maandishi. Ardhi imelindwa na wasee bado wanateremka. Difference iko wapi? Ni nini kiliandikwa kabla ya sahihi.

Najua unauliza, na sisi huku Uriri tunaingilia wapi? Toka hapo, pitia Awendo na Rongo, shuka Homa Bay mpaka bonde la Lambwe. Hapo ndio Ruma. Ilianza mwaka wa 1966 kama hifadhi ya wanyama, ikafanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Ni kilomita mraba 120, na ndio mahali pekee Kenya unaweza kupata korongo, yule swala mkubwa Wazungu wanamwita roan. Kuna nyati, na vifaru wameletwa. Hapo tukubaliane: hutaki kukutana na kifaru ukiwa juu ya blackmamba. Kuna ardhi lazima ifungwe, na hiyo ni haki ya mnyama.

Lakini kufunga si lazima kila mahali. Hell's Gate kule Naivasha ni mbuga ya KWS kabisa, na watu wanaendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Karura, Nairobi, ni msitu ambao Wangari Maathai alipigwa mwaka wa 1999 akiutetea dhidi ya wanyakuzi. Leo una ua, una walinzi, na una njia zilizotengewa baiskeli. Kwa hivyo KWS na KFS wanajua hii kitu inawezekana.

Na sheria zetu zinakupa nafasi ambayo wale wa Idaho wangeitamani. Katiba, kifungu cha 69, inaiambia serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka mbuga ziendeshwe kwa mpango wa usimamizi, na wananchi wahusishwe ukitengenezwa. Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu wanaoishi karibu na msitu kusajili chama chao na kuomba kushiriki kuusimamia.

Shida ni moja: hivyo vikao huitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wazee wanaenda, vijana hatuonekani. Halafu geti likiwekwa ndio tunaanza kulia.

Kwa hivyo kama uko na crew ya baiskeli Uriri, Rongo ama Mbita, fanya hivi. Choreni njia zenu kwenye ramani. Semeni ni zipi mko tayari kuachia wanyama, na ni zipi mnaomba zibaki. Jitoleeni kuzitengeneza mvua ikizikata. Halafu pelekeni hiyo karatasi kwa kikao kabla haijaandikwa nyingine.

Kikao kijacho cha chifu wako ni lini? Kama hujui, anza na hiyo.