Sikio la Mtafiti: Haja ya Kufunza Unasaji wa Sauti katika Fasihi Simulizi

Ni ada kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi kwenda nyanjani akiwa amejihami kwa nadharia, hojaji na barua ya kibali, ilhali hajui kifaa alichobeba kinasikia vipi. Simu huwekwa mezani, kitufe kikabonyezwa, ajuza akaanza kusimulia. Kinachorejea chuoni aghalabu ni mvumo wa upepo, kuku wa jirani, na kwa mbali sauti ya fanani. Yanayosikika hunukuliwa, yasiyosikika huachwa, na tasnifu hupita.

Hasara hii si ya kiufundi tu. Ni ya kifasihi. Tangu Ruth Finnegan achapishe Oral Literature in Africa mwaka 1970, nafasi ya utendaji katika fasihi simulizi imesisitizwa mno. Kiimbo, kimya, kicheko na kiitikio cha hadhira ni sehemu ya matini. Itakuwaje basi utendaji uhubiriwe darasani, kisha nyanjani usinaswe?

Wapo wanaodai kwamba haya ni mambo ya idara za uanahabari. Dai hili halina mashiko. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huku Kenya, na mwaka 1954 akaasisi Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika inayohifadhi kazi zake hadi leo. Alizoea kushika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala, kulingana na kilichostahili kusikika. Uamuzi huo wa mkono ni uhakiki tosha: anayeamua kiongozi wa wimbo asikike kuliko waitikiaji amekwisha kuufasiri wimbo.

Misingi yenyewe haihitaji shahada ya uhandisi. Mahali pa wazi, umbali baina ya mdomo na maikrofoni ukiongezwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, lakini makelele ya mazingira hubaki yalivyo. Kwa hiyo kifaa cha bei nafuu kilicho shubiri moja kutoka kwa msimulizi hukishinda cha ghali kilichotupwa pembeni. Chumba chenye kuta tupu huleta mwangwi. Mikeka na leso hupunguza. Faili ya MP3 hutupa baadhi ya sauti ili iwe ndogo, hivyo kwa hifadhi afadhali WAV, vipimo 48,000 kwa sekunde.

Kiwango cha sauti ndicho huwaponza wengi. Mwanafunzi hukipanga akisikiliza mazungumzo ya kawaida. Ngoma ikipamba moto, kigelegele kimoja hupasua rekodi nzima. Sauti ya kidijitali ikishavuka kilele hukatwa, na hakuna programu inayoirejesha ilivyokuwa. Yafaa kuacha nafasi ya desibeli 12 hivi juu ya sauti ya kawaida, na kumwomba mwimbaji ajaribu kwanza pale anapopaza zaidi. (Ombi hili, kwa hakika, huwachekesha waimbaji na kuwaondolea hofu.)

Idara za Kiswahili zingeweza kutenga majuma mawili kabla ya safari za nyanjani, kila mwanafunzi arekodi utenzi mmoja ukighanwa, kisha darasa lisikilize kwa hedifoni na kumwuliza mwenye rekodi ni mizani gani iliyomezwa na upepo.