Kupisha Si Kushindwa

Kila siku majahazi na mashua hutweka matanga kati ya Unguja na Dar es Salaam, kama yalivyofanya tangu enzi za mababu. Lakini bahari waliyoijua mababu siyo hii ya leo. Meli za makontena, meli za mafuta na boti ziendazo mbio zapita katika maji yale yale, na mlangoni mwa bandari ya Dar es Salaam pantoni za Kigamboni hukatiza huku na huku mchana kutwa.

Wako manahodha washikiliao kwamba chombo cha tanga kina haki ya kupishwa na chombo cha mashine. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zasema pia kwamba chombo cha tanga, na chombo chochote kisichofika urefu wa mita 20, kisizuie njia ya meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya mkondo mwembamba. Sababu yake yaeleweka. Meli kubwa ikikengeuka mlangoni itapanda mwamba, na ikizima mitambo bado itakwenda mbali kabla ya kusimama. Tena maji yaliyo mbele ya omo yake, pengine hata mita 500, hayaonekani kutoka chumba cha usukani. Mashua iliyo hapo ni kama haipo.

Basi nahodha na afanyeje? Aukate mkondo upesi, wala asitangetange ndani yake. Aweke mtu wa kuangalia, hasa upande uliofichwa na tanga. Aipime meli kwa dira: ikiwa inakaribia na upande inakoonekana haubadiliki, ajue watagongana. Akisikia honi fupi tano, ajue meli ina shaka na mwendo wake. Usiku, hata ngalawa isiyofika mita 7 sharti iwe na taa au tochi nyeupe, na imulikwe mapema.

Hata hivyo hatukubali lawama yote watwikwe wanyonge. Kanuni hizo hizo zawataka wakuu wa meli wawe macho na waende mwendo wa salama. Nao wenye mamlaka yawapasa wazibandike kanuni hizi kwa Kiswahili chepesi katika kila diko, na wakae na manahodha kuzieleza. Kumwadhibu mtu kwa sheria asiyopata kusomewa si haki.

Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012 hazikuzama kwa kugongana. Lakini misiba hiyo ilitufunza kwamba tahadhari baada ya tanzia haimrudishi mtu nyumbani. Twawaambia ndugu zetu mabaharia: kupisha si kushindwa. Anayepisha leo ndiye atakayetweka tanga kesho.