Kabla Umnyime Mtoto Maziwa, Mpime Kwanza

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo ni stori ya ndugu yangu mdogo.

Ana miaka sita na ana usonji. Anakula vitu vitatu tu: ugali, chapati na maziwa. Kitu ikiwa kijani anaisukuma mpaka ianguke chini. Mwaka jana mama mmoja anayeuza virutubisho aliambia mathe ati usonji ni mwili kushindwa kusaga ngano na maziwa. Akasema tuviondoe vyote, na akatuuzia mikebe minne ya unga wa protini. Elfu kumi na mbili. Wiki sita baadaye kijana alikuwa anashika suruali na mkono ndio isidondoke. Neno jipya? Hata moja. Njaa tu.

Sasa, msidhani huyo mama alitoa kila kitu hewani. Kuna watoto ambao miili yao kweli haitumii chakula kama yetu. Mwaka 1934 kule Norway, mama mmoja alichoka kuambiwa hakuna jibu. Watoto wake wawili walikuwa wamechelewa kiakili na mkojo wao ulikuwa na harufu ya ajabu. Daktari Asbjørn Følling alitia kemikali kwa huo mkojo, ukageuka kijani. Ndio ugonjwa wa fenilketonuria ukajulikana. Mwili unashindwa kuvunja kitu kinaitwa fenilalanini, kiko kwa nyama, maziwa, mayai na maharagwe. Kinarundikana mpaka kinaharibu ubongo, na wengine wasiotibiwa huonyesha dalili za usonji. Ukigundua mapema, lishe maalum inaokoa huo ubongo. Kipimo ni tone la damu kutoka kisiginoni.

Lakini shika hapa. Wenye magonjwa kama hayo ni wachache sana kati ya watoto wenye usonji. Na kama ndugu yangu angekuwa nao, zile protini za mkebe ndizo zingemmaliza! Mtu anakuuzia dawa bila kujua ugonjwa.

Na si huku peke yake. Marekani, mwaka 1998, ilisemekana homoni ya sekretini imesaidia watoto watatu. Wazazi wakaikimbilia. Mwaka 1999 watafiti wakadunga watoto wengine sekretini, wengine maji ya chumvi. Tofauti hakuna. Wazazi wakaelezwa, na wengi bado waliitaka.

Mimi nawaelewa. Mathe si mjinga, amechoka. Ukiwa umechoka, anayekupa jibu moja rahisi anafanana na malaika.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so usinichukue kama daktari. Mpate yule wa watoto. Kama mtoto amepoteza maneno aliyokuwa nayo, ana kifafa, anatapika kila mara ama analegea akikosa mlo, mwambie hayo yote na uulize kuhusu vipimo vya damu na mkojo. Hiyo ndiyo sayansi. Kumnyima mtoto vitu viwili kati ya vitatu anavyokula ni kubahatisha na mwili wake.

Sisi tulipima mwishowe. Majibu yalitoka sawa. Tukitoka kliniki mathe akaniuliza kama zile elfu kumi na mbili zinaweza kurudi. Nilinyamaza.

Jioni alipika chapati. Kijana alikula nne.