Mama alisema pedeli inasita, nikamwambia atazoea

Nyumbani kwetu tuna gari ambalo watoto wanasema ni mke wangu wa pili. Ni Toyota Celica ya mwaka 1996, milango miwili, gia za mkono, nyekundu iliyokwisha kupauka kwa jua la Dodoma. Niliinunua kabla ya kuoa, na kila nikipata nafasi huwasimulia watoto habari za Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jinsi Ian Duncan wa Kenya alivyoshinda mwaka 1994 akiwa na Celica. Historia ya gari naijua. Hali ya waya mmoja ndani ya gari langu mwenyewe sikuijua, ingawa niliambiwa mara tatu.

Mara ya kwanza mama watoto aliniambia jioni, tukila. "Baba watoto, pedeli ya mafuta inasita. Ukikanyaga inagoma kwanza, halafu inaruka." Nikamwambia gari la zamani lina tabia zake, atazoea. Mara ya pili alisema pedeli imekuwa nzito. Nikamjibu kwamba mimi naliendesha kila siku na sioni shida. Mara ya tatu alisema, "Nikiinua mguu, injini inachelewa kushuka." Siku hiyo hata sikuinua macho kwenye simu.

Wiki iliyofuata alikuwa anarudi na watoto kutoka shuleni. Mbele yake kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu na wanafunzi wamesimama wanasubiri kuvuka. Akainua mguu kwenye mafuta. Injini haikushuka, ikaendelea kuvuta. Akakanyaga klachi na breki kwa pamoja, akatoa gia, gari likanguruma kama linataka kupasuka, lakini likasimama. Akazima. Hakuna aliyeguswa. Nilipofika na bodaboda nilimkuta amekaa pembeni ya barabara, mtoto wetu mdogo amemlalia mapajani, mikono yake bado inatetemeka. Hakunigombeza. Binti yetu wa kidato cha pili ndiye aliyeniuliza, "Baba, si mama alikwambia?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Jumamosi tulifungua boneti sisi wanne. Nilitaka binti aone kwa macho yake, na nilitaka mama watoto aone kwamba safari hii nimesikia. Tulipofika mwisho wa waya, pale unaposhika mlango wa hewa wa injini, nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika na kusimama kama miiba ya samaki. Kila waya ulipovutwa, miiba hiyo ilikuwa inakwaruza ndani ya ganda lake na wakati mwingine inakwama. Ndiyo maana pedeli ilisita, ndiyo maana ilikuwa nzito, ndiyo maana injini ilichelewa kushuka. Yote matatu aliyoyasema mama yalikuwa ugonjwa mmoja unaokua.

Sisi tunaoishi huku kati tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na miezi mingi ya mwaka ni vumbi na upepo. Vumbi likiingia kwenye ganda la waya na kukutana na grisi ya zamani, linakuwa msasa. Kila unapokanyaga, unasugua waya wako mwenyewe.

Kubadilisha waya wenyewe si kazi ya kutisha. Sisi tulitumia spana mbili, plaizi, tochi na kamba nyembamba. Injini iwe baridi na ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwenye gari. Zungusha kwa mkono kigurudumu kinachofungua mlango wa hewa ili waya ulegee, kisha chomoa kichwa chake kwenye tundu. Legeza nati mbili zinazoushikilia. Ingia ndani, uinamie chini ya dashibodi, uchomoe kichwa cha upande wa pili juu ya pedeli. Waya unapita kwenye raba iliyo katika ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Raba hiyo nayo itoe taratibu.

Kabla ya kuvuta, funga kamba kwenye mwisho wa waya wa zamani. Ukiuvuta, kamba inabaki imepita njia ileile, na waya mpya unaufuata huohuo mstari bila kubahatisha. Hilo binti alilishika kuliko yote.

Laza waya wa zamani na mpya sambamba juu ya meza. Urefu uwe sawa, vichwa viwe sawa. Kama ni wa mtumba, na kwa magari ya umri huu mara nyingi ni wa mtumba, uvute na kuurudisha mara nyingi kabla hujalipa. Ukihisi hata mkwaruzo mdogo, uache dukani. Usikubali kuungiwa, na usikubali waya wa pikipiki uliopunguzwa ukafaa "kwa muda." Muda huo ndio utakaomkuta mtoto barabarani.

Waya mpya usikunjwe kwa kona kali wala kugusa mabomba ya moshi. Nyaya nyingi mpya zina plastiki laini ndani, hivyo usizimiminie oili. Mwisho ni kurekebisha. Mtu mmoja akae kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, akanyage pedeli hadi mwisho. Mwingine aangalie kama mlango wa hewa umefunguka wote. Akiachia, ujifunge wenyewe mara moja, na waya ubaki na ulegevu kidogo. Kwetu mkanyagaji alikuwa mama watoto. Mimi nilikaa kwenye injini, nikimsikiliza: "Kanyaga. Achia. Tena." Aliponiambia, "Bado inagoma kidogo," nilirudi kwenye nati bila kujibu neno. Kama huna uhakika na mikono yako, mpe fundi, lakini simama pale uone.

Sasa yale ambayo kila anayeendesha gari la familia anapaswa kuyajua kwa moyo. Mafuta yakikwama: kanyaga breki kwa nguvu mara moja na uishikilie, usiipampu, kwa sababu ukiipampu inakuwa ngumu. Kanyaga klachi na utoe gia. Kama gari ni la otomatiki, sukuma mkono wa gia hadi N. Injini italia sana. Iache ilie, injini hununuliwa. Elekea pembeni, gari likisimama ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari likiwa linatembea, usukani unaweza kujifunga. Na kila siku kabla ya kuondoka, hakikisha kapeti la miguuni halijasogea likaingia chini ya pedeli.

Wenye bodaboda na bajaji nyumbani, hili ni lenu pia. Washa injini bila gia, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Kama mlio unapanda wakati hujagusa mafuta, waya unavutwa mahali. Urekebishe kabla hujapakia mtoto.

Mzazi mwenzangu, waya mara nyingi hautushtukizi. Unasema mapema, tena zaidi ya mara moja. Shida ni kwamba unasema kwa anayekanyaga, na katika nyumba nyingi anayekanyaga si yule anayeamua gari liende gereji lini. Niliyeamua nilikuwa mimi, na nilikuwa na hakika kwamba gari nalijua kuliko mtu yeyote. Mke wangu alilijua kwa mguu wake.

Siku hizi kuna daftari dogo kwenye droo ya gari. Yeyote anayesikia au kuhisi kitu anaandika, hata mtoto, na nimejipa sheria ya kusoma kila Ijumaa jioni. Wiki iliyopita nilikuta mwandiko wa binti: "Breki ya mkono inapanda juu kuliko zamani. Mama naye ameona."

Hiyo nayo ni ya waya. Jumamosi hii tunaingia chini ya gari.

Na wewe usiku wa leo, kabla ya kulala, muulize mwenzio swali moja: gari linakuambia nini siku hizi? Kisha weka simu chini, usikilize.